Nazi za Muheza Kwenye Meza ya Sabato

Nimeona mengi, lakini kiongozi mzima akilamba sahani mbele za watu nilimwona mara moja tu. Lushoto, mwaka 1974.

Sogeeni, wajukuu zangu.

Bibi yenu Tatu nilikuwa mpishi wa Bi Rut, mama wa Kiyahudi aliyekimbilia milimani enzi za vita. Kila Jumatatu tuliketi kupanga chakula cha Ijumaa jioni, Sabato yao inapoingia. Kwa sheria ya dini yao, moto aliwasha yeye, kupika nikapika mimi. Sufuria za nyama huku, za maziwa kule. Nyama na maziwa havikutani hata tumboni. Ukila nyama, maziwa unayasubiri kwa muda wa saa tatu.

Wiki hiyo mgeni alikuwa Bwana Sefania, katibu wa tawi. Mfukoni alitembea na orodha ya watu wa kuhamishiwa kijiji kipya, kule chini kwenye joto.

Jina la mama yangu lilikuwamo. Mama mgonjwa wa kifua, hata kisimani hafiki.

"Tutamlisha, kisha nitamwomba," Bi Rut aliniambia.

Hakuwa ndugu yangu. Sijamsahau.

Katibu naye akatuma kikaratasi cha anachotaka kula. Nguruwe wa kukaanga. Viazi vya siagi. Chai ya maziwa.

Mhubiri wetu wa kujitegemea huyo!

Bi Rut akavua miwani. "Sikiliza, Tatu. La kwanza hapana. La pili hapana, siku hiyo kuna kuku. La tatu, asubiri saa tatu zipite."

"Atanuna, mama."

"Sasa tufanyeje?"

"Nipe ruhusa nishuke Muheza."

Sokoni nilinunua nazi kumi. Bibi aliyeniuzia akaniongeza moja bure, tukazungumza mpaka basi likapiga honi.

Ijumaa ikafika. Kuku, kabichi, na viazi nilivyoponda kwa tui zito. Mume wa Bi Rut akabariki mkate, katibu akavamia viazi.

"Hii ndiyo siagi!" mdomo umejaa. "Siyo nazi za maskini wa kule chini. Nazi zinadumaza akili!"

Sahani ya pili. Ya tatu. Ya nne akailamba.

Mzee mmoja wa Kiyahudi, mgeni kutoka Tanga, akaweka uma chini. "Siagi? Pamoja na kuku?"

"Mweleze, Tatu," Bi Rut akasema, anauma midomo asicheke.

"Hamna siagi, mzee. Ni tui la nazi."

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Katibu akasimama.

"Wewe mpishi unanifanya kichekesho? Mama yako atapanda gari la kwanza!"

Lakini nilikuwa na mzigo wa watu, lazima niufikishe.

"Samahani, katibu. Una salamu zako. Nazi nimezinunua kwa Bibi Jenoveva, pale Muheza. Nilipomtajia mgeni wetu, akasema wewe ni mwanawe, miaka minne hajakuona. Moja alinipa bure. Alisema, 'Mpikie mwanangu viazi vya nazi, anavipenda tangu mdogo.'"

Meza nzima ikamgeukia. Mishumaa inawaka.

Katibu akaketi taratibu. Akatoa orodha, akatoa kalamu, akalikata jina la mama yangu.

"Haya yaishie hapa hapa," akanong'ona.

"Ndiyo, katibu."

Nimeyafunga miaka hamsini. Mama alizikwa shambani kwake, pembeni ya mipeasi yake.

Leo nimeyafungua, maana nawaona mnavyokibeza chakula cha kwenu mkishapata vyeo. Kibezeni tu. Ila kabla hamjalamba sahani, ulizeni kwanza nani amewapikia, na nani amewatumia nazi.