Dawa ya Kutoka Mbali

Uhuru ulipofika Rumonge, mkubwa mmoja wa komini, yaani serikali ya wilaya yetu, aliona ni aibu taifa lenye bendera yake kuendelea kumeza vidonge vya Wazungu. Akawakusanya watengeneza dawa wa ufukweni mwa ziwa, kuanzia Gitaza hadi kwetu, akawaweka chini ya paa moja la bati karibu na soko. Kulikuwa na mzee wa kikohozi, bibi wa minyoo, mwingine wa tumbo, na mama yangu, aliyechemsha mawese na majani kutibu upele. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo upele wa watu ndio uliotulisha.

"Mukikaa pamoja, akili ya mumoja itaamusha ya mwingine," mkubwa alisema. "Dawa ya Burundi itazaliwa hapa!"

Kilichozaliwa kwanza ni mapazia. Kila mmoja alitundika kitenge mbele ya chungu chake ili mwenzake asione majani. Mama, aliyepakana na mzee wa kikohozi, alitundika viwili.

Lakini mkubwa, pamoja na diploma yake, alisahau jambo ambalo hata mbuzi wa Rumonge walilijua: kwetu dawa ya jirani haiponyi. Mtu wa Minago hutibiwa Rumonge, wa Rumonge hufunga safari hadi Minago, na anayeumwa kwelikweli huvuka ziwa. Nani atamwamini mama ambaye asubuhi alimwona akikimbizana na kuku? Sasa waganga wote walikuwa majirani, na wateja wakatoweka. Tulianza kulala kwa uji mtupu, na mimi nilimchukia yule mkubwa kwa moyo wangu wote.

Njaa ndiyo iliyoleta uvumbuzi. Mama alipakia vichupa vyake kwenye lori la Minago, akarudi navyo jioni vikiwa na vumbi jekundu, wala hakuvipangusa.

"Hii iko ya mbali," aliwaambia watu, na vikaisha.

Mzee wa kikohozi alimwita mwizi, kisha kesho yake naye akapanda lori. Haukupita muda, nyumba nzima ikawa inasafirisha dawa zake kwenda na kurudi. Mkubwa alipoona zinavyopakiwa, aliwaambia wageni wa Bujumbura kwamba tumeanza kuuza nje.

Mwaka wa sabini na mbili mauaji ya kikabila yalifika ufukweni. Mzee wa kikohozi aliuawa, na bibi wa minyoo hatukujua alikoishia. Sisi tulivuka kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma, mama akiwa na kopo moja la mafuta yake.

"Dawa hii yatoka wapi, mama?" walimuuliza sokoni.

"Rumonge."

Wakajipanga, wakanunua bila kubishana, mpaka kopo likabaki tupu. Mama akaketi chini akalia kwa sauti. Nilikasirika, maana tulikuwa tumeuza yote, nikamuuliza analilia nini.

"Sasa nani atanionea wivu?" alisema. "Jirani zangu wamekwisha."