Mama, Inakuja Mvua

Mwaka ule nilikuwa nahesabu mizani kila mahali. Nane, pumzi, nane. Kanisani nilihesabu kwa vidole juu ya paja, na majirani zangu wa Milanzi, mtaa wetu wa mjini, wakaamini nasali rozari. Mmoja alinisifu kwa imani yangu. Nilimwacha aamini. Binti yangu alikufa kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka sita, na kitu pekee kilichonituliza kilikuwa kuhesabu silabi za mashairi. Nafundisha Kiswahili sekondari, ndiyo kazi ninayoijua. Nikihesabu, moyo ulipunguza mbio. Nikiacha, ulirudi palepale.

Kifo kilikwisha kutokea, hicho sikukiogopa tena. Niliogopa kumsahau. Sweta lake lilikuwa limepoteza harufu. Asubuhi moja nikipiga mswaki nilijiuliza kovu lake lilikuwa goti gani, nikampigia kelele mume wangu aje haraka. Akasema la kushoto. Akafikiri, akasema la kulia. Tukatazamana, akaenda kazini bila kunywa chai. Watu waliokuwa wakiniita kwa jina la mtoto, mama fulani, sasa waliniita mwalimu tu. Walifanya hivyo kwa huruma, lakini kila mara nilijiuliza kesho nitakuwa nimepoteza nini tena.

Ndipo nikaanza shairi, beti tano, zisomwe siku ya misa ya mwaka mmoja kule Kaengesa kwa wakwe zangu, alikozikwa. "Ukilimaliza utapumzika," mume wangu alisema. Alisema kwa nia njema, najua. Mimi nikaanza kuogopa kulimaliza.

Wiki moja kabla ya misa nilikwenda kumsomea mama mkwe. Yeye ndiye aliyemlea zaidi, maana nilikuwa nimepangiwa shule ya mbali, na mtoto alikuja kwangu likizo tu hadi alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza. Mimi ni mtu wa Mbeya. Kifipa naishia kwenye salamu. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Alisikiliza bila kuacha ungo, beti nne zote, mpaka mshororo wa mwisho wa ubeti wa tano:

*Akaita mlangoni, mama, inakuja mvua.*

Ungo ukasimama.

"Huyo ni nani?"

"Ni mjukuu wako, mama."

"Huyo anaongea kama mwalimu. Wangu hakusema mvua. Alisema mvula. Inakuja mvula, bibi, twende tukaanue ulezi."

Ilikuwa kweli. Alisema mvula, Kifipa cha jikoni kwa bibi yake kikiwa kimejipenyeza kwenye Kiswahili chake. Na kila likizo, akishuka tu kwenye gari, nilimsahihisha. Si mvula, mwanangu, ni mvua. Sema tena. Niseme ukweli, niliona aibu, mtoto wa mwalimu wa Kiswahili kuongea vile mbele ya walimu wenzangu. Alisema tena na tena hadi akaweza. Ndiyo maana kila nilipomtafuta kichwani nilikuta sauti yangu. Nilikuwa nimetunza masahihisho, mtoto mwenyewe nimemwacha aende.

Nililia palepale, kwa hasira kuliko huzuni, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Mama mkwe aliniacha nilie. Baadaye akashika tena ungo wake, akasema, "Basi andika mvula."

Kwake ilikuwa rahisi. Mizani haikuharibika, silabi ni mbili hivi au vile. Lakini mishororo mitatu ya juu ilikuwa imeishia kwenye *kuanua*, *kuchukua* na *jua*, na neno lile lingevunja kina mwishoni kabisa, mahali ambapo kila sikio linangoja. Nilirudi mjini na wasiwasi mpya. Nilijaribu kuubadili ubeti mzima uishie kwa -ula. Nikapata *kula*, nikapata *chakula*, na siku ile ya mvua ninayoikumbuka hakuna aliyekula kitu. Nikafuta. Nikarudisha mvua, nikaandika mvula, nikarudisha mvua. Mpaka tunapanda gari kwenda kwenye misa, karatasi ilikuwa na maneno yote mawili, moja juu ya lingine.

Baada ya misa watu walikaa uani kwa mama mkwe, nikasimama. Nilipofika ule mshororo sikujua nitasema lipi hadi lilipotoka.

"Mama, inakuja mvula."

Wanawake wa pale hawakushtuka, kwao ndilo neno. Mwalimu mwenzangu mmoja aliinua kichwa. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nilimsikia mwanangu. Ilikuwa mara moja tu na ikapita upesi, lakini ilikuwa sauti yake, ile ya kabla sijaisahihisha.

Watu walipokuwa wananawa mikono baada ya chakula, kiranja wa darasa langu la kidato cha pili, msichana makini aliyekuja na wenzake wachache, alinifuata akiwa na nakala aliyoiandika kwa mkono. Walitaka kulibandika shairi darasani.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana."

"Marahaba. Asante, mama."

"Shairi limetugusa. Ila neno la mwisho, kina kimevunjika." Alikuwa ameshika kalamu tayari. "Nilirekebishe?"

Moyo ukaanza mbio zake zile zile.

"Usimguse," nilimwambia.

Alinitazama. Neno huwa tunasema *usiliguse*, nimemfundisha mwenyewe. Alisubiri kidogo nijisahihishe, kisha akafunika kalamu yake.