Gunia la Zamani

Pale ofisi ya kilimo walimbandika jina la Mganga, maana kazi yake ilikuwa kutabiri mavuno ya mahindi. Ramli hakupiga, aliyapanga mavuno ya miaka iliyopita kwenye kompyuta, mwaka baada ya mwaka, kisha hesabu zikamwonyesha mwaka ujao unaelekea wapi.

Safari hii mstari wa mavuno kwenye mchoro ulipanda vizuri, bosi akafurahi.

"Mganga, kesho niletee ripoti nisaini. Mavuno yakiwa mengi hivi, akiba ya ghalani tunaiuza yote."

Lakini dada huyu hapiti penye chungu bila kufunua. Mwaka mmoja wa nyuma mstari uliruka ghafla, na tangu hapo haukurudi chini, hata mwaka wa ukame. Mahindi gani hayo yasiyojali mvua? Akachimba hadi akaona: mavuno yalihesabiwa kwa magunia, na mwaka ule ndio ilipotoka amri kwamba gunia lishonwe bila kushindiliwa. Akacheka peke yake. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa mshindiliaji wa nyumbani, akitumbukizwa ndani ya gunia arukeruke mpaka mahindi yakae.

Sasa gunia lile la kushindiliwa lilibeba kiasi gani? Jioni akaenda kwa mama yake na mizani ya kuazima.

"Nishike mkono, mama, niingie."

"Na makalio hayo? Utalipasua, mwanangu."

"Likipasuka tutashona."

Akaruka, mama akamimina. Gunia likameza la sasa zima na karibu nusu ya jingine. Wakanogewa, wakashindilia mavuno yote ya mwaka, huku wakicheka mpaka machozi. Magunia yaliyokuwa yakifika mlangoni yakaishia katikati ya stoo, na kicheko kikakatika.

Mama aliiangalia ile sakafu tupu. "Ulipokuwa mdogo, magunia ya kushindilia ndiyo yaliyofika mlangoni."

"Nakumbuka."

"Na mimi kila mwaka namshukuru Mungu kwamba yanaongezeka."

Roho ilimuuma binti, akachukua ufagio akazoa punje zilizomwagika.

Asubuhi aligeuza magunia yote kuwa kilo, ya zamani kwa uzito wake na mapya kwa uzito wake. Mstari ukainama, ukashuka miaka yote ile. Bosi aliukodolea macho, akauliza kama ana uhakika.

"Nimeyashindilia mwenyewe," alisema.

Bosi akazirudisha funguo za ghala kwenye droo.