Afifa na Neno Lililoliwa na Upepo

Fandi alikwenda Damaski kung'oa jino, vita vikaanza. Ndivyo jirani yangu Afifa alivyompoteza mume, hata godoro la arusi halijabonyea.

Wakubwa wa pande zote wamejaza vitabu kuhusu vita vile vya mwaka sitini na saba. Mimi, mwanamke niliyeishia darasa la sita, tena wa kwanza darasani, nitavieleza kwa ufupi. Vilichukua siku sita. Jeshi letu la Syria lilitupita likikimbilia Damaski huku redio ikisema tunashinda. Waisraeli wakapanda mlimani, wakatandaza seng'enge bondeni na kufukia mabomu. Kijiji chetu cha Majdal Shams kikabaki upande huu wa Waisraeli, na Fandi na taya lake lililovimba wakabaki upande ule.

Afifa alikuwa mrefu, mwenye ulimi mkali. Mitufaha ya mumewe aliipogoa mwenyewe, akiitukana mmoja mmoja kwa jina. Shakib, kaka yake Fandi, alikuwa akiitazama mitufaha hiyo jinsi paka anavyotazama kitoweo.

Baadaye tukazoea kupigiana kelele. Siku ya Ijumaa sisi tulisimama kwenye kilima chetu na ndugu zetu kwenye kilima chao, kila upande na kipaza sauti, bonde katikati. Siri hazikuwepo. Kijiji kizima kilijua bawasiri ya nani imepona na binti gani amekataa posa. Afifa na Fandi walipendana hivyohivyo, mbele ya mashangazi na askari wa Umoja wa Mataifa waliolinda bonde.

Basi Ijumaa moja ya Machi, theluji bado iko mlimani, Fandi akashika kipaza sauti. "Afifa, nimekuacha..." Upepo ukala kilichofuata. Tukasikia "mitufaha", tukasikia "Shakib", kisha mvumo mtupu.

"Mmesikia wenyewe," Shakib akasema. "Kamwacha."

Kwa dini yetu ya Wadruzi neno hilo halirudishwi. Mume akilitamka, mmeachana mpaka kiyama, hata chini ya paa moja hamkai.

"Kasema *nimekuachia*," Afifa akajibu. "Kaniachia mitufaha, wewe usiiguse."

"Mimi nimesikia kuacha."

"Shemeji, juzi ulisikia mbuzi ukaitika, ukadhani mkeo anakuita."

Watu wakacheka, lakini nusu yao walikuwa wamesikia kuacha. Shauri likapelekwa kwa Shehe Naif, ambaye masikio yake yalikuwa ya mapambo tu. Akaamua Afifa alale kwangu, asikanyage nyumba ya mumewe mpaka Fandi aulizwe Ijumaa ijayo. Wiki nzima Afifa alilala kwangu bila kulala, na Shakib akapita shambani akiipima mitufaha kwa kamba.

Ijumaa ikafika na upepo wake. Shehe alipomuuliza, Fandi akajibu kwa kirefu, nasi tukaambulia vipande. Huku kuacha, huku kuachia, watu wakaanza kushikana kola. Afifa akampokonya shehe kipaza sauti.

"Fandi, nyamaza. Upepo unatuonea. Kama mimi bado mke wako, vua suruali."

Shehe akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Amesema avue suruali, shehe," nikamwambia.

"Nilisikia. Nilitumaini nimekosea. Binti, kwa nini usimwambie avue kofia?"

"Kofia mtu humvulia hata mgeni," Afifa akasema. "Suruali mtu humvulia mkewe."

Shehe akageukia ng'ambo.

Darubini pekee kilimani ilikuwa yangu, na macho yangu siku zile yalikuwa yanaona kiroboto kwenye punda wa ng'ambo.

"Anafanya nini?" Afifa akaniuliza. Mkono wake ulikuwa umeshika shali yangu.

"Amesimama. Anawatazama shangazi zake. Anakuna kichwa."

"Huyo ndiye. Na sasa?"

"Ameshika kamba ya kiunoni."

"Nipe hiyo darubini," Shehe Naif akasema.

"Si heshima, shehe."

"Ni ushahidi."

Hakukuwa na haja. Fandi aliivua ile suruali pana nyeusi, akabaki na nguo yake ndefu ya ndani, miguu myembamba kama ya korongo, akaipunga juu ya kichwa. Wanawake wa kule wakapiga vigelegele, wa kwetu wakapokea. Askari mmoja wa Umoja wa Mataifa akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa kuchanganyikiwa.

"Ni mkewe," shehe akatangaza. "Mwambieni avae."

Afifa akainua kipaza sauti. Akasema, "Vaa, Fandi. Utapata baridi ya kiuno."

Usiku huo alilala kitandani kwake. Shakib hakutusalimia mpaka mavuno.

Hawakukutana tena. Wajumbe wa amani walikuja, wakala matufaha yetu, wakaondoka, na seng'enge ikabaki. Miaka mingi baadaye Fandi alifia ng'ambo wakati wa baridi, na habari zikatufikia kwa kipaza sauti kama nyingine zote. Tukakaa matanga bila maiti. Binti mmoja wa ukoo akamuuliza Afifa, "Bibi, kwani mliishi pamoja muda gani?"

"Mfupi," akasema. "Lakini tukigombana, nchi mbili zilijua."

Kahawa chungu ikaanza kuzungushwa. Shakib, mzee sasa, mgongo umepinda, ndiye aliyebeba birika. Akawapita wakubwa wote, akamwinamia Afifa kwanza, na mbele ya watu akamwita "mke wa ndugu yangu".