Tai Aliyehitaji Mashahidi Watatu

Mashindano yale ya kutazama ndege hufanywa kila msimu wa baridi na wageni waishio Saudia pamoja na wenyeji wachache. Kila timu ina watu watatu. Huanza alfajiri katika mji wake na kumalizia Jeddah jioni. Wafadhili hutoa fedha kwa kila aina ya ndege iliyoonekana, na fedha hizo hutumika kuwahifadhi ndege wenyewe. Kanuni zenye uzito ni mbili: ndege hahesabiwi mpaka wote watatu wamwone, na sharti wamwone akiwa hai.

Timu yetu ilitoka Riyadh. Nahodha wetu alikuwa muuguzi Mkenya, mwanamke mwepesi wa maneno. Wa pili alikuwa mhandisi wa umeme kutoka Tanzania bara, mpole na mcha Mungu. Wa tatu nilikuwa mimi, mwalimu wa Kiarabu cha kale, niliyekwisha kusoma sifa nyingi za tai katika mashairi bila kuwahi kumtazama hata mmoja kwa utulivu.

Nje ya Riyadh, karibu na jaa la taka, upo mstari wa nguzo za chuma unaowaua tai wa nyika, wale wa kahawia washukao kutoka kaskazini kukimbia theluji. Tai akitua juu ya mkono wa nguzo, bawa lake likagusa waya, umeme humpitia. Vifuniko vya kuzihami nyaya vipo na vinauzwa. Mhandisi alikuwa amewasihi wenye mstari miaka mingi bila kusikilizwa. Yeye mwenyewe asingeweza kupanda, kwani mstari haukuwa wa kampuni yake, na kuugusa kungekuwa kuiaga ikama, kibali chake cha kuishi nchini. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja aliahidi kuvilipia vifuniko vya mstari mzima iwapo timu ya Riyadh ingemhesabu tai wa nyika siku ya mashindano. Tatizo ni kwamba tai walikuja haba. Katika ziara zetu zote za maandalizi tulikuta mizoga tu.

Siku yenyewe tulizunguka jaa tangu kulipopambazuka, tukaona kunguru, korongo na mwewe. Jua lilipopanda, mhandisi alitandika mswala nyuma ya gari ili asali dhuha, sala asiyoiacha hata akiwa safarini.

“Kaka huyu ataswali mpaka ndege wote warudi kwao,” muuguzi alinong’ona.

Alikuwa bado anacheka nilipomshika mkono. Tai alikuwa anashuka. Alipita juu yetu, mzito na mpana, akatua juu ya mkono wa nguzo iliyokuwa karibu nasi, akaanza kupanga manyoya yake. Ncha ya bawa moja ilikuwa inaukaribia waya.

Sote wawili tulijua mahali pale ni pa hatari. Mhandisi alikuwa ametuonyesha nguzo zile asubuhi ileile. Kupiga makofi mara moja kungetosha kumfukuza. Lakini angeruka na kutokomea, na shahidi wetu wa tatu alikuwa bado amesujudu.

“Mwalimu, yuko rakaa ya ngapi?”

“Ya mwisho. Nyamaza, dada.”

Mhandisi alikaa tahiyatu. Hatukuthubutu hata kuinua darubini. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, na muuguzi akamwita kwa sauti ya chini, “Kaka, juu!” Wakati huohuo tai alinyoosha mabawa. Ulisikika mlio mkavu, na mhandisi alipoinua uso alimwona akianguka, mguu mmoja ukifuka moshi.

Alimzika kwa mikono yake kwenye mchanga, bila kutuuliza ndege yule alikuwa ametua pale kwa muda gani.

Tulisafiri kwa ndege ya abiria, tukafika Jeddah alasiri. Katika fukwe za matope kusini mwa Al-Mahjar, vitwitwi na flamingo walitembea mbele yetu, nasi tuliwahesabu kama watu wanaotimiza adhabu. Hapo ndipo muuguzi alipomgeukia mhandisi.

“Umemwona ama hujamwona?”

“Nimemwona akianguka, sista.”

“Basi alikuwa hai. Mimi nakaa wodini, najua mtu hafi mara moja.”

“Na mimi nakaa na umeme. Alikufa kulekule juu.”

“Ni neno moja tu, kaka! Ama ni mimi niliyekuwa nikivililia hivyo vifuniko?”

“Ni mimi,” alisema.

Jioni, ukumbini, mwenyekiti wa kamati, mzee mstaarabu, alituuliza mmoja baada ya mwingine. Muuguzi alisema alimwona tai akiwa hai. Nami nilisema hivyo, nayo ilikuwa kweli. Mhandisi alipoulizwa alitazama viganja vyake.

“Nilimwona.”

“Akiwa hai?”

“Hapana.”

“Haya, halas, yamekwisha,” muuguzi alisema, akaketi. Mfanyabiashara alikuja kumshika mhandisi mkono, akausifu uaminifu wake mbele ya watu, akasema ahadi ina masharti yake, labda mwakani inshallah. Usiku ule tulilala mtaa wa Kandara katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, na samaki tuliyemnunua aliachwa kwenye sahani.

Tangu hapo mhandisi huenda jaani kila Ijumaa baada ya sala, akasimama chini ya nguzo ileile. Juzi nilifuatana naye. Nyaya zilikuwa tupu kama zamani. Haukupita muda mrefu tai akatua juu yetu, na mhandisi akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Ndege akainuka, akazunguka mara moja, akaielekea nguzo iliyofuata.

“Mwalimu, kimbilia ile!” alipiga kelele, naye akishika njia ya nguzo ya mbele yake.

Nikakimbia mchangani na makubadhi yangu, mikono juu, nikipiga makofi.