Migomba ya Masoko na Jaji wa India

Wiki hii niliketi mahakamani Tukuyu, nikisikiliza rufaa ya mjane wa kijiji cha Masoko. Shemeji yake amesogeza mpaka na kuimeza migomba yake. Wakili wa shemeji, suti ya mtumba imemkaa sawasawa, alisoma kwa sauti uamuzi wa jaji mmoja wa India.

Mjane akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, huyo Mhindi ni yule wa duka la vitambaa?"

"Hapana, mama. Ni jaji wa India. Alishakufa."

"Maskini. Sasa migomba yangu aliionea wapi?"

Tulicheka. Hakimu hakucheka, aliahirisha kesi hadi kitabu chenye uamuzi huo kiletwe kutoka Mbeya. Masoko, kwenye mpaka wenyewe, hakumtuma mtu kwenda kuutazama. Shemeji ataendelea kuvuna.

Simlaumu sana hakimu, maana sheria zetu nyingi zilitoka huko huko India. Lakini hata mtumba, siku hizi za soko huria, tunaujaribu mwilini kabla ya kuununua.

Nje, shemeji aliinama kwa adabu mbele ya mjane. "Tutaonana, shemeji."

"Haya. Ukikata mkungu leo, mpelekee na Mhindi wako chane moja."