Kugonga Ubao wa Gari

Kazi yangu machimboni ilikuwa kupakia mchanga na kuelekeza magari yanaporudi nyuma shimoni. Wenzangu walielekeza kwa kelele: "Njoo! Njoo! Hapo hapo!" Mimi sauti hainitoki mbele ya watu, tangu skuli. Kwa hiyo nikawa naupiga ubao wa gari kwa kofi. Moja, rudi; mawili, simama.

Dereva mmoja, mtu mzima, aliupenda mtindo huo. Nikigonga, hujibu kutoka ndani, "Karibu!"

"Huyu ana adabu," akiwaambia wenzangu. "Nyinyi mnanipigia mayowe kama mnafukuza kima."

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mchanga ukirowa hunata kwenye chepe la kupakilia, na sote tulikuwa na tabia ya kuligonga chepe ubaoni ili udondoke. Gari lilikuwa limewashwa, linangoja kurudi nyuma. Mpakizi mwenzetu, mtu wa Chwaka, aliinama kuliondoa jiwe tulilolitega nyuma ya tairi. Alikuwa keshalisukuma, mguu wake ungali pale. Nami bila ya kufikiri nikaligonga chepe langu ubaoni, mara moja.

"Karibu!" dereva akajibu.

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Walipiga kelele wengine, lakini tairi lilikuwa limeshaupanda mguu.

Tulipokuwa tunampakia kumpeleka hospitali, dereva alikuwa akisema, "Nlisikia kugongwa, wallahi nlisikia."

"Ulisikia simu yako," mwenye machimbo akamwambia, akamnyang'anya ufunguo. Mimi hakuna aliyeniuliza. Walizoea kuwa sisemi.

Siku ya tatu nikaenda hospitali. Mke wa yule mtu wa Chwaka alikuwa akimlisha mumewe uji. Niliwaamkia, nikabaki nimesimama, kisha nikasema, "Aliyegonga ni mimi. Nlikuwa nnakung'uta chepe."

Mkewe akakirudisha kijiko bakulini. Mumewe akaniuliza:

"Dereva anajua?"

"Bado."

"Ala! Unaniambia mimi kwa kuwa siwezi kuinuka nikakupiga? Nenda kwa wenye miguu."

Nikaenda moja kwa moja machimboni. Dereva alikuwa amekaa kando ya gari lake. Alikuwa akija kila siku ingawa hana kazi. Mwenye machimbo alikuwepo, na wapakizi wote. Nikasema.

"Hatukusikii, yakhe," mmoja akanitania. "Gonga ubao!"

Wakacheka. Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Kicheko kikakatika. Mwenye machimbo akautoa ufunguo mfukoni, akampa dereva. Dereva akaupokea bila ya kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu wanangu wananiuliza nimemkanyaga nani."

Akapanda, akaliwasha gari. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na ubao, lakini alitoa kichwa dirishani akamwita mwengine amwelekeze.